Majina Yanayoishia na K

Jumatatu, 6 Oktoba
Mvua bado. Mwaitu, mama yangu, amemaliza kulima shamba la juu na kila asubuhi anasimama mlangoni akitazama mawingu yanayotupita kuelekea Yatta. Kwa anavyofunga leso yake najua ana wasiwasi.

Bwana Kyalo, msimamizi wa hospitali, aliniita ofisini leo. Ndiye aliyenichukua kazini nilipokuwa nimekaa nyumbani Kalama na diploma yangu ya kompyuta, kwa hiyo akiniita huwa naenda mbio. Aliuliza kama mtu anaweza kuzuia kundi la wafanyakazi wasiingie kwenye mfumo bila kuandika majina yao moja moja. Nikamwambia inawezekana, tena kwa mstari mmoja tu. Alifurahi. Sikuuliza ni kundi gani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sasa najua.

Hospitali yetu iliacha faili za karatasi mwaka jana. Kila dawa inayotolewa na kila kipimo huandikwa kwenye kompyuta, na huwezi kuandika mpaka uingie kwa jina lako. Walioajiriwa kwa kudumu wana majina matupu: syombua, kyalo. Sisi wa mkataba majina yetu yanaishia na kistari na herufi k: raho-k, na langu, mumo-k. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, ili nione upesi ni nani muda wake unaisha Desemba. Haukuwa na ubaya wowote.

Mkataba mpya umeletwa. Unasema mfanyakazi anaweza kuhamishwa siku yoyote, bila taarifa, kwenda kliniki yoyote ya hospitali, na kwamba hataingia chama cha wafanyakazi. Wenzangu wengi wamekataa kutia sahihi. Bwana Kyalo anataka asiyetia sahihi asiingie kwenye mfumo. Atakayetia sahihi atapewa jina jipya lisilo na k.

Niliandika mstari wenyewe akiwa amesimama nyuma yangu. Kataa, halafu nyota, halafu kistari na k. Kwa kompyuta ile nyota ni herufi zozote, hata ziwe ngapi. Yaani yeyote yule, mradi mwisho wa jina lake ni k. Juu ya mstari huo niliongeza mwingine: ruhusu mumo-k. Aliuliza wa nini. Nikamweleza kwamba kompyuta inasoma kuanzia juu na inasimama pale inapopata jina linalolingana, na bila mstari huo nitakuwa nimejifungia nje mwenyewe.

Alicheka. Akasema basi mimi niko juu ya wenzangu.

Kwangu hakuleta karatasi ya mkataba mpya. Alisema mimi na yeye tutaongea Desemba.

Jumatatu, 13 Oktoba
Imeanza leo. Saa mbili asubuhi Raho alikuja ofisini kwangu akidhani kompyuta ya wodi ya wanaume imeharibika. Raho ni nesi. Alizaliwa hapa hapa mjini, baba yake ni mfanyabiashara wa ng'ombe na mbuzi, na Kikamba, ingawa si lugha yao, anakijua kuliko binamu zangu wa Syokimau. Tulianza kazi wiki moja na tumekula chakula cha mchana pamoja tangu wakati huo.

Nilimwambia kompyuta haijaharibika.

"Ni wewe umefanya?"

"Ni amri ya ofisi."

"Sijauliza amri ni ya nani, Mumo."

Nilimjibu kwamba ndiyo, ni mimi. Akaniuliza kama na mimi nimefungiwa. Nikasema hapana. Alirudi wodini. Mchana nilikula peke yangu.

Jumanne, 14 Oktoba
Kuna jambo ambalo sikulifikiria. Mashine ya kuweka kidole iliharibika mwezi wa sita, na tangu hapo mahudhurio huchukuliwa kwenye mfumo: ukiingia, umefika kazini. Usipoonekana mwezi mmoja, unahesabiwa umetoroka kazi na mkataba unakufa wenyewe.

Kwa hiyo wakikaa nyumbani wametoroka, na wakija kazini kompyuta inasema hawakuja.

Nilikwenda kumweleza Bwana Kyalo nikidhani hajui. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma. Akasema kalamu iko mezani kwake na kila mtu anajua mlango wake.

Jumatatu, 20 Oktoba
Sikukuu ya Mashujaa. Nilishinda shambani na Mwaitu. Jua kali.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mvua imekuja. Ilianza mchana na hadi sasa inapiga mabati kiasi kwamba tunaongea kwa kupaza sauti. Mwaitu amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kunde, amekula akitabasamu peke yake. Kesho tunapanda.

Jumatatu, 27 Oktoba
Watatu wametia sahihi. Niliwafutia k zao leo. Mmoja, wa maabara, alikaa kwenye kiti changu akaniomba nimwache alie kidogo kabla hajatoka.

Raho na wengine wanaendelea kuja. Matroni, mkuu wa manesi, anawaacha wafanye kazi, maana bila wao wodi hazina watu. Wanatoa dawa, wanaandika kwenye karatasi, wanaibandika kwa plasta ukutani juu ya kitanda, na Syombua anaingiza yote kwenye kompyuta kwa jina lake. Syombua ni nesi wa kudumu, na tunaimba pamoja kwaya ya kanisani. Nimemwona siku zote kuwa mtu mwema asiye na makuu. Nilimshukuru kwa anachofanya. Aliniambia nisiongee kwa sauti.

Jumatano, 29 Oktoba
Bwana Kyalo amebandika tangazo: ni marufuku mtu kuingiza kwenye mfumo kazi ya mtu mwingine. Atakayefanya hivyo atafukuzwa.

Alhamisi, 30 Oktoba
Mvua. Nilimwuliza Syombua atafanyaje. Akasema ana watoto wawili sekondari, na akaenda zake.

Jumanne, 4 Novemba
Mahindi yamechomoza, mistari imenyooka. Kunde bado.

Raho hanisalimii kwa jina tena. Ananiambia "habari ya asubuhi, madam" mbele ya watu, kwa adabu kamili, na hiyo adabu inaniuma kuliko matusi. Nilianza kumwona mkaidi. Nilijiambia ni yeye anayejitesa, kwamba sahihi ni wino tu, kwamba angetia kama wale watatu mambo yangekwisha. Nilijiambia hivyo njiani mpaka nyumbani. Mwaitu akaniuliza mbona ninaongea peke yangu.

Alhamisi, 6 Novemba
Sijui nianzie wapi. Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na maji yalifunika barabara ya chini. Syombua alichelewa. Raho alikuwa peke yake wodi ya wanaume. Kulikuwa na mzee kutoka Katangi, Mzee Kimeu, mgonjwa wa sukari aliyeletwa kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kabla ya chai Raho alimdunga insulini yake ya asubuhi, akaandika karatasi, akaibandika ukutani. Halafu wodi ya akina mama wakamwita, kuna aliyekuwa akijifungua na hakukuwa na mkono mwingine.

Paa likaanza kuvuja juu ya kitanda cha mzee. Wafagiaji wakakisukuma hadi upande wa dirisha. Karatasi ikabaki ukutani, juu ya pahali pasipo na mtu.

Syombua akafika amelowa, akafungua kompyuta. Kwa Mzee Kimeu hakukuwa na sindano yoyote asubuhi hiyo. Akamwuliza mzee kama amedungwa. Mzee hasikii vizuri, na kila anachoulizwa na nesi hujibu ni sawa. Akamdunga.

Walimkuta saa nne akitokwa na jasho, mwili unatetemeka, kisha akapoteza fahamu. Mkewe, Mama Kalunde, alikuwa ndio ameingia na chupa ya uji. Walimwekea maji ya sukari mshipani, wakamkimbiza hospitali kubwa. Nilipita kwenye varanda nikamwona huyo mama amekaa kwenye benchi, chupa bado iko mkononi, akiuliza kila anayepita, "Ni nini kimempata? Jana tuliongea vizuri."

Mimi niliitwa kuchapisha rekodi ya mgonjwa. Ilionyesha sindano moja. Niliitazama ikitoka kwenye mashine na nikajua sindano ya kwanza iko wapi na kwa nini haikuandikwa. Nilimpa Bwana Kyalo ile karatasi. Alisema nikapumzike.

Ijumaa, 7 Novemba
Mzee yuko hai. Hajaamka.

Leo nimeelewa mambo yanakoelekea. Bwana Kyalo aliitisha kikao cha wakuu wa idara, na mimi nikaitwa kuwasha projekta. Alieleza, bila kupaza sauti, kwamba mfumo unaonyesha Raho hajafika kazini tangu tarehe kumi na tatu Oktoba. Na kwa kuwa Raho mwenyewe amesema alidunga, basi tarehe sita Novemba mtu ambaye hakuwa kazini aliingia wodini na kumdunga mgonjwa sindano. Hilo, alisema, ni jambo la polisi.

Nilitazama nyuso zilizozunguka ile meza. Wote wamekutana na Raho varandani kila siku. Matroni alikuwa akisoma kucha zake. Syombua, naye aliitwa, alikuwa amekaa mwisho, macho kwenye sakafu. Kikao kilipoisha nilizima projekta.

Jumamosi, 8 Novemba
Palizi. Mwaitu alinikemea, nilikuwa nang'oa kunde nikidhani ni magugu.

Jumanne, 11 Novemba
Bodi imeunda kamati ndogo ya kuchunguza. Mwenyekiti ni Bi Kasyoki, mwalimu mkuu mstaafu. Watakaa wiki ijayo.

Bwana Kyalo aliniletea karatasi mwenyewe, hakuniita nimfuate ofisini. Alitaka nitie sahihi sentensi moja: Mfumo wa kompyuta ulifanya kazi bila hitilafu yoyote tarehe 6 Novemba. Basi. Akasema hanilazimishi kudanganya, nisome nione kama kuna uongo ndani yake.

Nilisoma mara nyingi. Hakuna uongo. Mfumo haukuharibika. Ulifanya kila nilichouambia.

Aliona ninasita. Akakaa kwenye ukingo wa meza yangu, akaniuliza hali ya Mwaitu na kama mvua imekuwa nzuri Kalama. Kisha akasema, "Ule mstari wako wa juu, Mumo, bado upo?"

Nikasema upo.

"Vizuri. Ningependa ubaki."

Aliiacha karatasi.

Jumatano, 12 Novemba
Polisi walimhoji Raho saa nzima. Alirudi wodini akamalizia zamu yake.

Alhamisi, 13 Novemba
Mwezi umetimia. Mfumo wenyewe umeweka alama mbele ya majina yao: ametoroka. Mbele ya jina la Raho pia, na ninamsikia akiongea na wagonjwa ng'ambo ya ukuta huu.

Jumapili, 16 Novemba
Baada ya ibada nilimvuta Syombua kando, nyuma ya tangi la maji. Nilimwambia kwamba yeye anajua Raho alikuwepo. Alisema atajibu atakaloulizwa, na hatajibu asiloulizwa. Akasema mimi ni mwepesi wa kuongea kwa sababu si mkono wangu uliodunga sindano ya pili. Kila usiku anaiona. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: kwamba siku ile aliiona ile karatasi ukutani. Aliiona alipokuwa akitoka, baada ya kudunga. Hakuikaribia. Alijiambia ni ya mgonjwa mwingine.

Niliondoka nikiwa na hasira naye. Sasa ninapoandika, hasira imekwisha. Yeye aliona karatasi akajiambia ni ya mtu mwingine. Mimi na yeye ni wale wale.

Jioni nilimweleza Mwaitu yote. Sikuwahi kumweleza kazi yangu kwa kirefu, nilidhani hataelewa nyota na mistari. Alichambua ndengu zake hadi nikamaliza. Akauliza kama nikisema ukweli nitafukuzwa. Nikasema labda. Nilijua anafikiria dawa zake za presha na paa la jikoni. Hatimaye akasema hawezi kunichagulia, na hatajifanya kwamba haogopi. Nilitaka aniambie niende, au aniambie ninyamaze. Aliniambia nile.

Jumatano, 19 Novemba
Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano. Mvua nyembamba nje. Tuliitwa mmoja mmoja lakini mlango ulikuwa wazi, na tuliokuwa kwenye benchi tulisikia.

Syombua alisema skrini haikuonyesha kitu. Aliulizwa kama Raho alikuwepo. Akasema alipofika hakumkuta. Ni kweli, hakumkuta.

Raho alisema alidunga, akaeleza kipimo na saa, akasema aliandika kwenye karatasi. Mjumbe mmoja wa kamati alimwuliza kwa nini hakuandika kwenye kompyuta kama kila mtu. Akasema alijaribu, kama anavyojaribu kila asubuhi. Bwana Kyalo, aliyekuwa amekaa kando yao, alisema kwa upole kwamba mtu anaweza kudai chochote, na karatasi huweza kuandikwa wakati wowote.

Nikaingia mimi. Bi Kasyoki alikuwa na ile sentensi mbele yake, bila sahihi. Aliuliza kama ni kweli.

Nilisema, "Ni kweli. Mfumo haukuwa na hitilafu. Ulimkataa Raho kwa sababu niliuandikia umkatae. Ungemkubali siku hiyo, ndipo tungesema umeharibika."

Aliniomba nieleze kwa Kiswahili cha kawaida. Nikaeleza: herufi k, nyota, mahudhurio. Nilisema yeyote ambaye jina lake linaishia na k hakuweza kuandika dawa aliyotoa, na hakuweza hata kuonyesha kwamba amekuja. Nilisema nilimwona Raho kwa macho yangu kila siku ya kazi tangu tarehe kumi na tatu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikaichukia.

Bi Kasyoki aliuliza ni nani aliyetoa amri. Nikamtaja Bwana Kyalo, naye yuko hatua chache kutoka kwangu. Kisha akaniuliza jina langu mimi linaishia na nini.

"K."

"Na wewe uliingiaje?"

Nikamweleza mstari wa juu. Aliandika kitu. Hakuna swali lililowahi kunivua nguo kama hilo.

Nilipotoka Raho alikuwa bado kwenye benchi. Alisogea, nikakaa. Baadaye alisema, akitazama mbele, kwamba nimechelewa. Nikasema najua. Akasema, "Lakini umekuja."

Alhamisi, 20 Novemba
Asubuhi niliandika jina langu na neno langu la siri. Skrini ikajibu: huruhusiwi kuingia.

Bwana Kyalo alimpigia simu fundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo, naye fundi akaufuta ule mstari wangu wa juu. Ndiyo haki ya msimamizi.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimekaa ofisini siku nzima. Kwa kompyuta sikufika kazini.

Jumanne, 25 Novemba
Bado. Watu wananiletea printa zilizokwama ili niwe na la kufanya. Sikujua jinsi inavyochosha, kukaa mahali na kuambiwa hupo. Kufikia saa nane unaanza kuamini. Raho aliishi hivi wiki kadhaa, akiwa na wodi nzima mikononi.

Leo tulikula pamoja. Alinipa nusu ya chapati yake. Tuliongea juu ya bei ya mbuzi.

Jumatano, 3 Desemba
Uamuzi umetoka. Kanuni ile ya nyota na k ifutwe leo hii. Siku zote zilizohesabiwa utoro zirudishwe. Raho hana kosa na barua iende polisi. Syombua apumzishwe mwezi mmoja kisha arudi. Bwana Kyalo amepewa onyo, anabaki. Na mkataba mpya unabaki pia. Atakaye kuendelea Januari ataweka sahihi.

Mzee Kimeu alirudishwa nyumbani Katangi wiki iliyopita. Anakula, anatembea kwa kushikwa. Mama Kalunde alikuja kuchukua nguo zake zilizobaki. Alisema mzee humwita kwa jina la dada yake aliyekufa, na yeye ameacha kumsahihisha.

Ijumaa, 12 Desemba
Sikukuu ya Jamhuri. Kunde zimekomaa, tumekula majani yake hadi tumechoka. Mwaitu ameuliza mara moja tu kama nitatia sahihi.

Jumatano, 17 Desemba
Nimetia sahihi. Nilitafuta kazi pahali pengine, nikaandika, nikapiga simu, hakuna. Bwana Kyalo aliipokea karatasi bila kuniangalia, akanipa nyingine iliyokuwa tayari imechapishwa. Kuanzia Januari nimehamishiwa kliniki ya Ekalakala.

Jumanne, 30 Desemba
Raho hakutia sahihi. Leo ilikuwa zamu yake ya mwisho. Saa kumi alikuja ofisini akaniomba nisilifunge jina lake bado, ana kitu cha kuandika.

Alikaa kwenye kompyuta yangu, akaingia, na mfumo ukamkubali. Alimtafuta Mzee Kimeu. Akafungua tarehe sita Novemba. Mfumo unaruhusu maelezo yaliyochelewa, mradi uandike sababu. Aliandika insulini, kipimo, saa moja na nusu asubuhi, imetolewa na raho-k. Kwenye nafasi ya sababu alikaa kidogo, vidole vimetulia. Kisha akaandika: Nilikuwepo. Sikuruhusiwa kuandika.

Akahifadhi. Akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kuifuta. Nikamwambia inaweza kuongezewa, haiwezi kufutwa. Akasoma tena, akatoka kwenye mfumo, akavaa koti lake juu ya hijabu kwa sababu mvua ilikuwa imerudi kidogo. Alisema nimsalimie Mwaitu. Nilimsindikiza hadi getini.

Jumatatu, 5 Januari
Ekalakala. Joto kali, na mvua imekwisha. Nimepanga chumba nyuma ya duka. Kliniki ina kompyuta mbili na nesi mmoja, Munyiva, msichana aliyemaliza chuo juzi na kuanza kwa mkataba. Nilipokuwa nikimwandalia jina la kuingilia aliniuliza ataongeza herufi gani mwishoni, amesikia huko makao makuu kuna herufi.

Nikamwambia hapana. Jina lake linatosha.